OCD (ugonjwa wa mawazo yasiyotakiwa na matendo ya kujirudia): yanayosemwa mitaani na yalivyo

Dhana: OCD ni usafi uliopitiliza.
Mpenda usafi hufurahi sakafu ikitakata. Mwenye OCD hapati furaha hiyo. Huvamiwa na wazo asilolitaka (gesi iko wazi, mikono ina najisi, nitamdhuru mwanangu), kisha hulazimika kunawa, kukagua, kuhesabu au kuomba kimoyomoyo ili litulie. Likimla zaidi ya saa moja kwa siku, au likivuruga kazi na ndoa, ni ugonjwa. Wapo wenye OCD ambao vyumba vyao ni shaghalabaghala.

Dhana: Anayewaza kudhuru, atadhuru.
Wazo humtisha mwenye OCD kwa sababu linakwenda kinyume na anachokipenda. Mama anayeficha visu anaogopa, hapangi.

Dhana: Wasiwasi wa udhu ni ucha Mungu, au ni shetani tu.
Kutia udhu mara kumi na kurudia takbira hadi jamaa wamalize swala huweza kuwa OCD iliyovaa kanzu. Shekhe anayeuelewa ugonjwa husaidia sana, mradi aulizwe mara moja. Kumpigia kila jioni kwa swali lile lile ni tendo jingine la kujirudia.

Dhana: Ukimhakikishia, atapona.
Hapa ndipo familia nyingi hukosea, tena kwa huruma. "Ndiyo, mlango umefungwa" huleta nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kuuliza tena. Tiba hukata mzunguko huo: mgonjwa hukabili anachokiogopa, kisha hafanyi lile tendo.

Pamoja na mtaalamu, huorodhesha hofu zake kwa alama 0 hadi 100 na kuanzia za kati. Tuseme kitasa cha choo ni 40. Anakishika, hanawi, anakaa na hofu ipande bila kuikimbia. Kwa kawaida hushuka yenyewe, na hata isiposhuka siku hiyo, amejifunza kwamba inastahimilika. Hurudia kila siku nyumbani, kisha hupanda ngazi. Kwa udhu: kopo moja la lita moja, kila kiungo kisizidi mara tatu, basi. Kinachoharibu zoezi ni ujanja mdogo: kupangusa mkono kwenye kanga, au kuuliza "si salama, eti?"

Dhana: Dawa hazisaidii.
Mara nyingi dozi ilikuwa ndogo au muda ulikuwa mfupi. Kwa sonona, miligramu 20 kwa siku za fluoksetini (dawa ya sonona inayotumika pia kwa OCD) huweza kutosha. Kwa OCD daktari mara nyingi hupandisha taratibu hadi 40 au 60, kikomo 80, na matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Anayeacha wiki ya tatu hajaijaribu dawa. Akipata nafuu, huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha daktari hupunguza kidogo kidogo. Kuikata ghafla huweza kuleta kizunguzungu, na mara nyingi ugonjwa hurejea. Diazepamu si tiba ya OCD: hutuliza kwa saa chache, huzoesha mwili, na mzunguko hubaki palepale.