Je, wajua benki ya Kiislamu hujikingaje dhidi ya kupanda kwa riba, ilhali riba kwake ni haramu?

Benki ya Kiislamu haikopeshi kwa riba, bali huuza mali kwa bei iliyoongezwa faida, yaani murabaha, au huikodisha kwa ijara. Hata hivyo, kwa miaka mingi faida hiyo imekuwa ikipangwa kwa kutazama viwango vya riba vya soko, LIBOR, kiwango cha mikopo baina ya benki za London ambacho sasa kimekoma, kikiwa kimojawapo, kwa sababu wateja wanaogombewa na benki zote ni walewale. Bei ya murabaha ikishaafikiwa haiongezwi tena. Kwa hiyo viwango vikipanda, wenye amana hutaka gawio kubwa zaidi wakati mapato ya benki yamekwisha kufungwa.

Kwenye sarafu jambo ni gumu zaidi. Sharia huwataka wanaobadilishana fedha wakabidhiane mkono kwa mkono, katika kikao kilekile, na hivyo mkataba wa leo wa kupeana dola baada ya miezi mitatu haukubaliki. AAOIFI, taasisi ya Bahrain iliyoanzishwa mwaka 1991 kuweka viwango vya sekta hii, inakataza ahadi ya pande mbili inayowafunga wote, hata kama nia ni kujikinga tu, lakini inaruhusu ahadi ya upande mmoja. Hapo ndipo mlango ulipo: mteja huahidi kununua dola kwa bei iliyotajwa leo, na siku ikifika ndipo mauzo yenyewe hufanywa na fedha kukabidhiwa papo hapo. Baadhi ya benki huenda mbali zaidi kwa kuandika ahadi mbili zinazojitegemea, kila upande ukitoa yake, moja ikianza kazi bei ya soko ikipanda kupita kiwango fulani na nyingine ikishuka chini yake. Kwa maoni yangu, anayetazama matokeo peke yake hataona tofauti na mkataba uliokatazwa. Tofauti imo katika muundo.

Kwa upande wa viwango vya faida, pande mbili huuziana bidhaa, aghalabu metali, kwa murabaha: mmoja kwa faida isiyobadilika, mwingine kwa faida inayopangwa upya kila kipindi, kisha kinacholipwa ni tofauti iliyobaki. Mwezi Machi 2010 IIFM, taasisi ya masoko ya fedha ya Kiislamu, na ISDA, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa mikataba ya kujikinga, zilitoa mkataba wa pamoja wa tahawwut, yaani kujikinga, kwa miamala ya namna hii, nao unazitaka pande zote zithibitishe kwamba zinajikinga na hatari halisi, si kubahatisha bei.

Ubishi umebaki kwenye hizo metali, ambazo mnunuzi hazihitaji wala hazioni. Mwaka 2009, katika kikao cha Sharjah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikataa tawarruq, yaani kununua bidhaa kwa deni na kuiuza mara moja ili kupata fedha taslimu, iliyopangwa kwa namna hiyo, ilhali baraza la sharia la Benki Kuu ya Malaysia linairuhusu. Kwa hiyo muamala uleule unaweza kupitishwa na bodi ya sharia ya benki moja na kukataliwa na ya benki nyingine.