Je, wajua kwa nini "I saw him drown" na "I saw him drowning" hazisemi jambo moja?

Ukiwa ufukweni Mwanza ukamwona kijana anatapatapa majini, kisha wavuvi wakamwopoa akiwa hai, kwa Kiingereza sema "I saw him drowning." Ukisema "I saw him drown", umetangaza msiba.

Baada ya vitenzi kama "see", "hear" na "watch", kitenzi kisicho na -ing hubeba tendo zima, toka mwanzo hadi mwisho wake. Chenye -ing huonyesha kipande cha katikati tu, kilichofuata hakijasemwa. Kiswahili tunayo -ki- inayofanana nayo: "nilimwona akizama" haijamzika mtu. Ndiyo maana wengi wetu tunaandika -ing kila mahali, na tunakwama pale tendo lilipokamilika mbele ya macho yetu. Karani aliyesimama Mwaloni Kirumba mtumbwi wa dagaa ukishushwa, gunia la kwanza hadi la mwisho, aandike "I saw them unload the boat." Aliyepita tu akawakuta kazini aandike "unloading". Magunia yakipungua, ushahidi wa karani ndio wenye uzito, na Kiingereza chake lazima kiuonyeshe.

Kwa tendo la mara moja, mambo hugeuka kidogo. "I saw him jump" ni kuruka mara moja. "I saw him jumping" kwa kawaida ni kuruka tena na tena.

Kosa linalojirudia sana ni "I saw him to enter". Tumezoea "I want him to enter", tukadhani "to" inakaa popote. Baada ya "saw" haitakiwi kabisa. Lakini geuza sentensi iwe ya kutendwa, nayo inarudi: "He was seen to enter the store." Hapo ukiiacha ndipo unakosea. "Catch" kwa maana ya kufumania, na "smell", huchukua -ing tu: "They caught him stealing nets."

Baada ya nomino, "to" mara nyingi huelekeza mbele. "The men repairing the engine" ni mafundi walio kazini sasa hivi. "The men to repair the engine" ndio waliopangiwa au wanaofaa, na huenda hata hawajafika. Chunga tu "first" na "last": "the last boat to leave" inaweza kuwa imeshatia nanga Ukerewe tangu jana.