Pikipiki milimani Usambara: panga kushuka kabla ya kupanda

Kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ni kilomita 33 tu, na ndiyo maana watu huidharau barabara hii. Mtu anatazama ramani, anapiga hesabu kwa mwendo aliouzoea barabara kuu, anaona nusu saa inamtosha. Hiyo ni hesabu ya tambarare. Kwa pikipiki ya cc 125 au 150 yenye abiria au mzigo, mimi huweka saa nzima ya kupanda na nusu saa ya kusimama, maana anayepita pale bila kusimama hajaiona Usambara. Na saa ya kwanza kuamua si ya kuondoka Mombo, ni ya kuanza kushuka. Kwenye mteremko ndiko breki huchemka, na mara nyingi ndiko dereva anakuwa amekwisha choka.

Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kwenye mita 1,400 hivi. Sehemu kubwa ya mwinuko iko nusu ya kwanza, kati ya Mombo na Soni, ambako barabara imebanwa na korongo la mto. Kipande hicho kinaelekea mashariki. Ukipanda saa moja asubuhi, jua liko usoni kila kona inapofunguka. Ukishuka saa kumi na moja jioni ni vibaya zaidi: jua linakupiga machoni huku kona ya mbele imo kivulini, na Fuso lililo ndani ya kivuli hicho hulioni mpaka mmekaribiana. Basi panda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na siku ya kurudi uwe umefika Mombo kabla ya saa kumi. Afadhali zaidi ulale Lushoto, ushuke asubuhi. Kuanzia Soni jua litakuwa mgongoni.

Kulala huko kunakupa pia nafasi ya kwenda Irente bila pupa. Ni kilomita sita hivi kutoka mjini, na genge lake linatazama nyika ya Mombo na Mazinde chini kabisa. Wengi huenda kuangalia jua likizama, kisha hurudi gizani kwenye njia yenye watoto, mbuzi na bodaboda zisizo na taa. Mimi napendelea asubuhi, ukungu ukishainuka: jua liko nyuma yako na nyika yote inang'aa mbele.

Kwa msimu, iache Machi hadi Mei. Masika huleta tope, na mvua ya usiku hulegeza mawe yanayokutwa katikati ya lami asubuhi. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu, lakini hakuna mvua kubwa. Chaguo langu ni Januari na Februari, au Septemba kabla vuli haijaanza. Mwezi wowote, beba koti. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo joto la msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, linaweza kuwa chini ya lile la Mombo kwa nyuzi 9 au zaidi kabla hujahesabu upepo. Vidole vilivyoganda huchelewa kushika breki. Glovu si mapambo.

Ukitaka kufika Mtae, ongeza kama kilomita 60 kutoka Lushoto kupitia Magamba na Lukozi. Mtae iko kwenye ukingo wa milima, na chini yake ni nyika ya Mkomazi. Itengee siku yake. Lukozi ni soko la mboga, na siku za soko njia hujaa magari yaliyopakia viazi na kabichi. Lami ikiisha, mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni mwendo mzuri, usione aibu.

Mafuta yahesabiwe hivi. Mombo hadi Lushoto, kwenda Mtae na kurudi, Irente, kisha kushuka Mombo ni karibu kilomita 200. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita tambarare, mlimani ihesabie 28. Hiyo ni lita 7 na kidogo. Ongeza lita 3 za akiba, jaza 10 kwenye kituo cha mafuta. Yale ya chupa vijijini huokoa, lakini huenda yana maji au vumbi, na kabureta haisamehi. Usishangae pia pikipiki ikikosa nguvu huko juu. Hewa ni nyepesi, na kwa kila mita 1,000 injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Usiguse kabureta kwa safari ya siku mbili. Shusha gia tu.

Sasa breki. Breki ya ngoma ikishikiliwa mteremko mzima hupata joto, ngoma hutanuka na kuziacha bitana (vipande vya ndani vinavyoisugua), na pedali huanza kuzama chini zaidi kila ukikanyaga. Breki ya diski huharibika kwa njia nyingine: mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, unyevu huo huchemka, mapovu hujaa kwenye bomba, na siku hiyo mkono wa breki unagusa usukani bila pikipiki kupungua mwendo. Ndiyo sababu mafuta hayo hubadilishwa kila miaka miwili hata kama breki inaonekana nzima. Dawa kwenye mteremko ni gia. Shuka na gia ya pili au ya tatu, ile ambayo ungeitumia kupandia pale pale, acha injini ikushike, na breki iguse kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie ipoe. Kushuka na gia huru ili kuokoa mafuta ni kujitoa mhanga kwa kikombe kimoja cha petroli. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kuzama, simama dakika 20. Usimwagie diski maji, huenda ikapinda.

Kabla ya kuondoka, pima upepo tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki au kitabu chake, si kwa kubonyeza kidole. Mnyororo kwa pikipiki nyingi za kawaida huchezacheza milimita 20 hadi 30 katikati. Upime ukiwa umezungusha gurudumu, maana huwa na sehemu moja iliyokaza kuliko nyingine. Beba tyubu, vyuma vya kuvulia tairi, pampu ndogo, spana ya ekseli ya nyuma, plagi na waya wa klachi. Waya huo hupenda kukatikia juu, kwenye mkono, na kona za kupanda ndizo zinazoumaliza.

Kwenye kona, maliza kazi kabla ya kuingia: punguza mwendo, chagua gia, kisha ingia na mwendo mmoja. Kwetu tunaendesha kushoto, na kona za kulia ndizo huwadanganya wengi. Tairi zako zinaweza kuwa upande wako kabisa, lakini pikipiki ikilala kulia, kichwa na bega lako vimevuka mstari wa katikati, pale pale basi la Kosta linapokata kona. Kaa kushoto mpaka uone mwisho wa kona. Kona ya kushoto yenye ukuta wa mwamba, anza ukiwa karibu na katikati ili uone mbali, na piga honi. Macho yatazame unakotaka kutokea. Ukiukodolea macho mtaro, utaingia mtaroni. Angalia pia dizeli iliyomwagika na majani ya kabichi kwenye kona za kupanda, hasa dakika za kwanza za mvua, maji yanapoinua mafuta na vumbi pamoja.

Ukisimama kupiga picha, maporomoko ya Soni kwa mfano, usisimame ndani ya kona hata kama mandhari ni pale. Tafuta upana wa barabara, elekeza pikipiki mlimani, acha gia ya kwanza ndani, na weka jiwe bapa chini ya stendi.

Soni ndiyo sehemu yangu ya kuamua. Mawingu yakiwa yameshuka mpaka huoni kona ya pili, au saa tisa alasiri imepita na bado unataka kufika Mtae, kunywa chai hapo na uahirishe. Kuna njia panda ya kwenda Bumbuli, kuna mafundi na kuna chakula. Ni mahali pazuri pa kusubiri kuliko chini ya mti Magamba.