Matibabu hayasubiri fomu ya P3

Nchini Kenya, wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba aliyepigwa na kujeruhiwa hawezi kutibiwa hospitalini mpaka apitie kituo cha polisi kuchukua fomu ya P3. Imani hiyo si sahihi, na imewaumiza watu waliostahili kupona mapema. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

P3 ni nyenzo ya upelelezi: baada ya taarifa kuandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB, polisi hujaza sehemu yake akiomba uchunguzi, kisha mhudumu wa afya hueleza aina ya jeraha na kiwango cha madhara, ili mahakama ipate ushahidi. Inaweza kujazwa baada ya matibabu, kwa hiyo karatasi za hospitali zitunzwe.

Aliyebakwa ana haraka zaidi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72 na ushahidi wa mwilini hupotea upesi. Aende hospitalini moja kwa moja, ikiwezekana kabla ya kuoga, akiwa na nguo alizovaa bila kuzifua.