"Mama yake kamkanyaga" na dhana nyingine kuhusu watoto wa punda na farasi wanaochechemea

"Mama yake kamkanyaga usiku." Asubuhi unamkuta mwanapunda wa siku kumi ameunyanyua mguu wa mbele, hautii chini, na jana tu alikuwa akirukaruka. Maneno ya kwanza mdomoni mwa kila mtu ni hayo. Na kwa kuwa jeraha la kukanyagwa hupoa lenyewe, watu husubiri siku tatu, nne. Dhana hii naiogopa kuliko nyingine zote. Mtoto mchanga anayechechemea ahesabiwe kuwa ana vijidudu kwenye kiungo mpaka daktari wa mifugo aseme sivyo. Usaha ukiingia ndani ya kiungo, katika siku chache huanza kula gegedu linalofunika ncha za mifupa, na gegedu likishaliwa haliponi likarudi kama zamani.

Weka kiganja juu ya goti moja, kisha juu ya la pili. Lenye ugonjwa mara nyingi lina joto, limejaa, na ukilibonyeza unahisi maji ndani. Ute wa kiungo kizima ni wa manjano hafifu, unapitisha mwanga, na huvutika kama uzi kati ya vidole viwili. Niliwahi kumshika mwanapunda wa wiki mbili wakati daktari akivuta ute kwenye goti lake. Ulitoka kama maji yaliyooshea mchele, ukadondoka matone bila kuvutika hata kidogo. Mwenye mnyama alinyamaza. Alikuwa amesubiri siku tano.

"Hana homa na ananyonya, basi si maambukizi." Wapo wasiopandisha homa kabisa. Hata eksirei iliyo safi leo isikutulize, kwa sababu uharibifu wa mfupa huweza kuchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kuonekana kwenye picha.

"Kitovu kikishapakwa dawa, yamekwisha." Kitovu ni mlango mmoja. Vijidudu hupita pia tumboni na kwenye mapafu, vikasafiri na damu hadi kwenye viungo na sehemu za mifupa zinazokua. Kinga yenyewe iko kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kondo la farasi na punda halipitishi kingamwili kwenda kwa mtoto, hivyo huzaliwa karibu mikono mitupu. Asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2. Utumbo wake hupokea kingamwili vizuri saa za mwanzo, na baada ya saa 24 mlango umefungwa. Anayekamua dang'a na kulimwaga akidhani ni maziwa machafu anammwagia mtoto uhai wake. Kuhusu kitovu chenyewe, iodini kali ya asilimia 7 huunguza nyama, kwa hiyo tumia klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa.

"Mchome sindano ya maumivu, atatembea." Atatembea, ndiyo, huku gegedu likiendelea kuliwa. Dawa hizo pia huweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo, hasa akiwa hanyonyi vizuri. Anachohitaji ni kiungo kuoshwa kwa lita kadhaa za maji tasa ya chumvi na antibiotiki kwa wiki kadhaa, si dozi moja ya kukisia kutoka duka la dawa.

"Miguu imepinda, mkimbize inyooke." Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, huu ni ukatili, ingawa hakuna aliyeukusudia. Vifupa vidogo vya goti lake huenda bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Akikimbia vinaweza kusagika na kubaki hivyo maisha yote. Apumzishwe, apigwe picha kwanza. Magoti yaliyopinda kidogo mara nyingi hunyooka yenyewe, ila kwenye kifundo kilicho juu ya kwato nafasi ya kurekebisha huwa imepita ifikapo miezi 3 hivi.

"Mpe pumba nyingi, mifupa ikomae." Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mizani inayodhoofisha mifupa.

Chakula chenye nguvu nyingi na ukuaji wa haraka huchangia pia osteokondrosisi, ambapo gegedu hushindwa kugeuka mfupa. Damu ya ukoo nayo imo, na farasi wa mbio wanaijua sana. Lakini hii si ya mtoto wa wiki moja. Huonekana zaidi kama uvimbe wa kiungo kwa aliyeachishwa kunyonya, mara nyingi bila kuchechemea sana. Madoa mengine ya ugonjwa huu yanayoonekana kwenye picha hujiponya: kwenye kiungo cha nyuma kinachopinda kama kiwiko, hadi kama miezi 5, kwenye goti la nyuma, hadi kama miezi 8. Ndiyo maana daktari mwenye subira hupiga picha tena kabla ya kushika kisu.