Mlinzi wa Mkate na Mkandaji wa Unga: Asili ya Maneno lord na lady

Katika somo la historia ya Kiingereza ninalofundisha, neno la kwanza ninaloliandika ubaoni kila mwaka ni hlaford. Wanafunzi hulitazama kama neno la lugha wasiyoijua, na wana haki, kwa sababu hakuna neno la kawaida la Kiingereza cha leo linaloanza kwa h inayofuatwa na l. Kisha ninalikata vipande viwili, hlaf na weard, na kueleza kwamba hlaf ni mkate na weard ni mlinzi. Mlinzi wa mkate: hiyo ndiyo maana ya asili ya lord, neno wanaloitwa malodi wa Bunge la Uingereza, na ambalo Biblia za Kiingereza hulitumia pale ambapo za kwetu husema Bwana.

Kiingereza cha Kale kilisemwa takriban kati ya mwaka 450 na 1100, na katika lugha hiyo hlaf lilikuwa ndilo jina la kawaida la mkate. Wajerumani bado wanasema Laib kwa mkate mzima, na Warusi wanasema khleb, neno ambalo mababu zao waliliazima kwa watu wa jamii ya lugha za Kijerumani zamani sana. Waingereza wenyewe wamebaki na loaf, ambalo leo linataja mkate mzima tu. Katika Injili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza cha Kale, Sala ya Bwana inaomba hlaf ya kila siku. Wakatoliki wetu husali “utupe leo mkate wetu wa kila siku”, ilhali Biblia ya Union inasema “utupe leo riziki yetu”. Kwa maoni yangu watafsiri hao wawili, wakiwekwa pamoja, ndio wanaoifikia maana ya hlaf, kwa kuwa kwa Mwingereza wa wakati ule mkate na riziki vilikuwa karibu kitu kimoja.

Neno hlaford lilikuwa limekwisha kuchakaa hata katika maandishi ya kale kabisa, kwa hiyo msomaji anaweza kuuliza tunajuaje kwamba ndani yake mna weard. Jibu zuri limo katika tafsiri ya kishairi ya Zaburi, ambamo umbo kamili hlafweard linaonekana katika habari za Yusuf, pale anapowekwa kuwa msimamizi wa nyumba ya mtawala wa Misri. Ninaupenda sana ushahidi huu. Kati ya watu wote ambao wangeweza kuitwa walinzi wa mkate, mshairi yule alimpa jina hilo mtu aliyehifadhi nafaka ya Misri kwa miaka 7 ya neema ili watu wasife katika miaka 7 ya njaa.

Jina hilo lilikuwa na mwenzake katika sheria. Mfalme Æthelberht wa Kent, aliyefariki mwaka 616, aliacha sheria zilizo miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza, na mojawapo inasema kwamba mtu akimuua hlafæta wa mkulima huru, atalipa fidia ya shilingi 6. Hlafæta ni mla mkate, yaani mtu anayekula katika nyumba ya mwingine na kumtumikia. Basi kulikuwa na mlinzi wa mkate na mla mkate, na uhusiano wao ulipimwa kwa chakula kabla ya kupimwa kwa cheo. Waswahili wanaosema mkono mtupu haulambwi hawahitaji maelezo marefu hapa: bwana asiyelisha hakuwa bwana. Lakini wajibu ulikwenda pande zote mbili. Karibu miaka 300 baadaye, Mfalme Alfred aliandika katika sheria zake kwamba makosa mengi yanaweza kumalizwa kwa fidia, isipokuwa usaliti dhidi ya hlaford, ambao haukustahili huruma.

Sasa nigeukie lady, ambalo kwangu ni neno zuri kuliko lord. Umbo lake la kale ni hlæfdige. Mwanzoni mna mkate uleule, na kipande cha pili kinatokana na mzizi wenye maana ya kukanda, uliozaa pia dough, yaani unga uliokandwa. Mzizi huo ulizaa vilevile dæge, mwanamke mkandaji wa mikate, ambaye baadaye akawa mtumishi wa maziwa, na kwake limetoka neno dairy. Kwa hiyo lady alikuwa mkandaji wa unga, mwanamke aliyezamisha ngumi katika donge, akalikunja, akalisukuma tena kwa kiganja hadi likaacha kunata mikononi. Hata hivyo, jina hilo halikumshusha mtu hadhi. Æthelflæd, binti ya Alfred, aliyejenga ngome na kuongoza vita dhidi ya Wadenmaki hadi alipofariki Tamworth mwaka 918, aliitwa na watu wake Myrcna hlæfdige, Bibi wa Wamercia, yaani watu wa Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza.

Kuchakaa kwa maneno haya kulifuata njia ya kawaida. H ya mwanzo ilidondoka, f ya katikati ikatamkwa v, kisha v nayo ikamezwa, na silabi zikabanana hadi hlaford likawa lord na hlæfdige likawa lady. Kaskazini irabu ya kale haikubadilika kuwa o, ndiyo maana Waskoti wana laird. Mkate ulipopotea masikioni, ulipotea na mawazoni.

Mzizi ule wa kukanda una safari nyingine, na safari hiyo imefika hadi kwetu. Katika lugha za kale za Uajemi, ambazo pamoja na Kiingereza zimetokana na lugha mama moja, mzizi huo ulizaa daeza, ukuta, ambao kwa asili ni udongo uliokandwa, na bustani iliyozungushiwa ukuta iliitwa pairidaeza. Wagiriki walilichukua neno hilo, na Waingereza wakalipata kama paradise. Katika Kiarabu likawa firdaws, linalotajwa katika Kurani katika sura ya Al-Kahf na ya Al-Muminun, na Waswahili tukalipokea kama Firdausi. Wanafunzi hushangaa kwamba lugha moja iliona unga na ukuta kuwa kazi moja ya mikono, mpaka niwaombe wataje kitenzi cha Kiswahili cha kazi ya unga, kisha cha kazi ya kuupaka udongo ukuta wa fito. Husema kukanda, kisha kukandika.