Acheni kumwaga maji yote ya kamba

Wiki hii nimetumiwa tena picha ileile: tangi linang'aa, changarawe imesuguliwa, kamba wekundu wamelala ubavu. Chini yake swali: "Jana niliwabadilishia maji yote, sijui wamekufa na nini." Wamekufa na hayo maji.

Nazungumzia Neocaridina, kamba wadogo wa maji baridi wanaofugwa tangini, hawa wekundu, wa njano na wa buluu ambao wengi huanza nao. Kwao ni vijito vya Taiwani na China, na huko porini ni wa rangi ya udongo tu. Wekundu ni kazi ya wafugaji. Si dhaifu. Joto la nyuzi 18 hadi 28 wanalimudu, na wakitulia wanazaa wenyewe. Wasichokimudu ni mabadiliko ya ghafla.

Maji maangavu si lazima yawe salama, maana amonia haina rangi. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti kisha nitrati wanakaa kwenye sponji na changarawe. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua. Hilo tumeshalisema mno.

Linaloniumiza ni gamba. Kamba hakui bila kujivua gamba. Kwanza hutengeneza jipya, laini, chini ya lile kuukuu. Kisha hufyonza maji, mwili huvimba, na gamba kuukuu hupasuka pale kichwa kinapokutana na mgongo. Huchomoka kwa mrusho mmoja. Sasa wewe unamwaga maji ya TDS 250 (kipimo cha jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka majini) na kumjazia ya 60. Maji yanamwingia kwa kasi asiyoitarajia, anavimba kabla ya wakati wake. Gamba linakatika kuzunguka shingo yote, unaona mviringo mweupe, naye hatoki wala harudi.

Lakini si kila mviringo mweupe unatokana na ndoo. Nimeuona hata kwenye matangi ambayo hayakuguswa. Wapo wanaolaumu uhaba wa kalsiamu na magnesi, wapo wanaolaumu chakula chenye protini nyingi. Mimi naegemea kwenye madini, ila ushahidi wa kumnyamazisha anayebisha sina. Kundi zima kufa siku moja baada ya kubadilishiwa maji ni jambo jingine: hapo ni klorini au ni mshtuko, na vyote viwili vimeingia kwa ndoo.

Tena msiiamini TDS peke yake. Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam na Mombasa, vina chumvichumvi. Kipimo kitasoma namba nzuri kumbe ni chumvi ya kawaida, isiyojenga gamba. Nunueni matone ya kupimia GH, yaani kalsiamu na magnesi zilizomo majini, mtafute 6 hadi 8. Maji ya bomba ya Nairobi, mengi yakitoka milima ya Aberdare, ni laini. Hayo huongezewa madini kwanza. Na yaliyopungua kwa kukauka yajazwe kwa maji yasiyo na madini, kwa kuwa kinachokauka ni maji tu, madini yanabaki.

Badilisheni asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, klorini ikiwa imeshaondolewa, maji yadondoke kupitia mpira wa hewa uliopigwa fundo. Mkiwa na jike mwenye mayai, punguzeni hata hapo. Anabeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hadi nne, na akijivua gamba kwa mshtuko, mayai yanaondoka na gamba. Akiachwa atulie, watoto hutoka wakiwa kamba kamili wa milimita mbili hivi. (Kamba wa Amano, aina nyingine ya kufugwa, ni habari nyingine: viluwiluwi wao wanahitaji maji ya chumvi.)

Na mkikuta kamba mweupe, mwangavu, mtupu ndani, huyo si maiti. Aliyekufa hugeuka rangi ya waridi kama aliyechemshwa. Hilo ni gamba tu. Msilitoe, watalila wenyewe, na kalsiamu yake itawarudia.